Kisichouzwa kwa Kilo

Shangazi yangu alipokwenda kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, mashine haikumsoma. Kijana wa dukani alimfuta kidole kwa kitambaa, akajaribu cha shahada, cha kati, gumba, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Shangazi akavuta mkono wake taratibu, akakitazama kiganja, kisha akamwambia yule kijana: "Usihangaike, mwanangu. Alama zangu nimeziacha Newala."

Tuliondoka bila kusajili, lakini neno lile sikulisahau. Nilichojua ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa msichana, alitoka kwao Masasi akapanda Newala kufanya kazi katika kiwanda cha korosho, na kwamba mashine ziliposimama alirudi, akaolewa, akahamia Dar es Salaam. Zaidi ya hapo hakusimulia, nasi hatukumuuliza. Alipofariki na arobaini yake ilipopita, nilifunga begi nikaenda kuuliza nilichopaswa kuuliza akiwa hai.

Basi liliniteremsha Masasi jua likizama. Asubuhi nilipotoka nje ya nyumba ya wageni, kitu cha kwanza kilichonikabili kilikuwa mawe. Masasi ni mji wa vilima vya mwamba mtupu, vimechomoza kwenye tambarare kama migongo ya wanyama waliolala, na nyumba zimejisogeza miguuni pake. Chini ya kimojawapo, pale Mtandi, ndipo lilipo kanisa kuu la Anglikana. Nilianzia huko, kwa sababu shangazi alibatizwa hapo, na kwa sababu Masasi ya leo ilianzia hapo.

Neno "mlowezi" masikioni mwetu lina sura ya Mzungu mwenye shamba kubwa. Walowezi wa kwanza wa Masasi hawakuwa hivyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka pwani akiwa na kundi la watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani na kulelewa Unguja. Nia ilikuwa kuwafikisha kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika kwenye vilima hivi wakaona udongo mzuri na maji karibu, wakaamua kwamba safari yao imeishia hapo. Watu waliokuwa wamepitishwa nchi hii wakiwa mali ya wengine, sasa walifyeka pori, wakasimamisha nyumba na kuanza kulima kwa ajili yao wenyewe. Steere tunamjua pia kwa mambo mengine: ndiye aliyechapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, na ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini, Unguja, pale pale palipokuwa soko la watumwa.

Amani ile ilidumu miaka 6. Mwaka 1882 Steere alifariki mwezi Agosti, na mwezi uliofuata wapiganaji wa Kingoni waliokuwa wakiitwa Magwangwara waliivamia Masasi, wakachoma, wakaua na kuteka. Padri Chauncy Maples alihangaika kuwakomboa mateka, kisha sehemu ya misheni ikahamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Kwa hiyo njia niliyokusudia kuipanda siku ya pili, wapo waliokwisha kuipanda wakiwa wamebeba watoto na vyungu, wakiukimbia moshi nyuma yao.

Nilipotoka kanisani niliuliza habari za reli. Vijana watatu walinitazama wakidhani nimechanganya Masasi na Morogoro. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza mizizi ya ming'oko iliyochemshwa, ameipanga kwenye sinia, ndiye aliyeinua kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Reli ilikuwapo. Mimi niliipanda."

Alinisogezea kigoda. Reli ya Kusini ilizaliwa na ndoto ya karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwenye ekari milioni 3 na zaidi, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani na hapa Masasi. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara, na reli ikatandazwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mvua haikusoma mipango ile, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 za Uingereza zikiwa zimepotea. Reli, kwa kuwa ilishaanza, iliendelea kujengwa. Mwaka 1954 iliunganishwa na Mtwara, na mwaka 1958 tawi lake likafika Masasi. Mwaka 1962, nchi haijatimiza hata mwaka mmoja na nusu wa uhuru, ikafungwa kwa kukosa mzigo, na vyuma vikang'olewa.

"Tuliona ni kitu cha kudumu," mzee aliniambia. "Chuma kikilazwa chini, nani anadhani kitanyanyuliwa?"

Akanielekeza nitazame kitu kimoja kabla sijaondoka. Katika shule ya msingi nje kidogo ya mji, kwenye tawi la mwembe, umening'inizwa mkato wa chuma cha reli wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Mwalimu wa zamu aliniruhusu kuusogelea. Upande mmoja ulikuwa na kutu nyekundu. Upande wa pili, pale panapogongwa, chuma kiling'aa kama shilingi mpya. Saa nne kamili mwanafunzi wa kike alikuja na boliti kubwa mkononi, akagonga, na sauti ikaenda mbali kupita nilivyotarajia. Watoto wakatoka darasani wakikimbia. Nilisimama pale hadi mlio ulipokwisha. Ndoto yote ile ya karanga, na pauni zake zote, na hapa kipande chake kimoja kilikuwa bado kazini.

Kutoka Masasi hadi Newala ni kilomita kama 70. Gari lilijaa abiria, magunia matupu na kuku wawili. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho, na mazungumzo yote garini yalikuwa ya bei. Mnada wa kwanza umeuza shilingi ngapi, makato ya chama cha msingi ni kiasi gani, nani ameuza kangomba kwa sababu mtoto aliugua mwezi wa sita. Kangomba ni kumuuzia mlanguzi korosho zako kwa bakuli, mara nyingi zikiwa bado maua mtini. Mama aliyeketi pembeni yangu alisema kwa sauti ndogo kwamba mwaka jana alifanya hivyo, na kwamba mwaka huu angekufa njaa kwanza.

Gari likaanza kukwea. Udongo ulibadilika ukawa mchanga mwekundu, na mikorosho ikatuzunguka pande zote, matawi yake yameinama hadi karibu na ardhi. Harufu ya mabibo yaliyoanguka iliingia madirishani, tamu na kali, inakaribia kuwa pombe. Mti huu ulikuja na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na jina "mkanju", ambalo bado limo katika kamusi zetu, lina mzizi mmoja na jina la Kireno. Lakini ukipita Newala mwezi wa kumi hutaamini kwamba ulitoka kokote. Umekuwa mti wa hapa, kama watu wa hapa.

Uwanda wa Makonde una sifa moja inayoeleza mengine yote: hauna mito. Mvua inanyesha, mchanga unainywa, na maji yanatokea tena chini kabisa, kwenye miguu ya mteremko. Mjerumani Karl Weule, mtafiti kutoka makumbusho ya Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906 akirekodi nyimbo kwa santuri, alisimuliwa asili ya jambo hilo. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, sanamu ikawa mwanamke, wakaenda kuishi karibu na mto mkubwa, na mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde jingine, ikawa vile vile. Waliporudi juu kwenye vichaka vikavu, mtoto akaishi. Kwa hiyo Wamakonde wakakaa juu, na wanawake wakawa wanashuka na kupanda kwa saa nyingi, mitungi kichwani. Mashine ya kwanza iliyobadilisha maisha ya hapa kwa kweli ilikuwa pampu ya maji. Mitambo ilianza kusukuma maji kutoka chemchemi za chini miaka ya 1950, na baadaye mtandao ukapanuliwa kwa msaada wa Ufini. Foleni ya ndoo bado niliikuta, lakini kizazi cha leo hakijui kushuka mteremko usiku wa manane kutafuta maji ya kupikia uji.

Mjini nilipita kwenye boma la Wajerumani, ambalo Wareno waliliteka Oktoba 1916 na kufukuzwa mwezi uliofuata, nikaenda Shimo la Mungu. Hapo uwanda unakatika ghafla, na chini yako kunafunguka bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Sikukaa sana. Wageni huletwa hapo, nami nilijua kwamba nilichokifuata kiko upande mwingine wa mji.

Kiwanda kimoja cha zamani, pembezoni, kina uzio wa matofali na lango la bati. Mlinzi alikuwa mtu wa umri wangu. Nilimweleza habari za shangazi, pamoja na maneno yake ya dukani. Alinyamaza kidogo. "Kaka, picha usipige," alisema. "Lakini ingia uone."

Ndani ni ukumbi mrefu wenye paa la juu. Sehemu moja ilikuwa na magunia ya korosho ghafi yaliyopangwa hadi usawa wa madirisha, maana viwanda vingi vya namna hii sasa ni maghala. Sehemu nyingine ilikuwa tupu. Kwenye sakafu ya saruji niliona mistari ya boliti zilizokatwa, nne nne, kila nne ni mguu wa mashine moja. Ukizifuata kwa macho unaweza kuona jinsi kazi ilivyokuwa ikitembea: korosho ziliingia mwisho ule, zikakaangwa, zikapasuliwa, zikapelekwa kwa wanawake wa kutenganisha kokwa na ganda, kisha kumenya ngozi laini, kisha kupanga kwa ukubwa. Ukutani, usawa wa bega, rangi ilikuwa imebadilika kuwa kahawia iliyokolea. Mlinzi alisema ni mafuta ya ganda, watu walikuwa wakijifutia hapo. Niliweka kiganja changu juu ya alama ile. Ilikuwa laini kama ngozi.

Viwanda hivi vina historia inayouma. Wakati wa ukoloni korosho za Kusini zilipelekwa India zikiwa ghafi, zikabanguliwa huko. Nchi ilipojitawala ikasema, kwa haki kabisa, kwamba kazi hiyo na faida yake ibaki nyumbani. Kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikajengwa viwanda 12, vingi vikiwa mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa mashine za Italia na Japani na mikopo ya Benki ya Dunia. Uwezo wake kwa pamoja ulizidi tani 100,000 kwa mwaka. Msimu wa 1973/74 wakulima wa nchi hii walikuwa wamevuna tani 145,000, kwa hiyo hesabu ilionekana sawa.

Lakini kuta zilipokuwa zinapanda, mavuno yalikuwa yanashuka. Wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho yao ikabaki mbali na vichaka vikaifunika. Bei ya mkulima ilishuka. Vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Mwaka 1979 ukagunduliwa ugonjwa wa ubwiriunga, unaopaka maua unga mweupe na kuyakausha kabla hayajafunga tunda. Msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha hata tani 20,000. Mashine zilizotengenezwa kumeza milima zikakosa cha kutafuna. Viwanda vingine vilifungwa vikiwa havijafanya kazi miaka mingi, na baadaye vikauzwa.

Mkorosho wenyewe haukufa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, walifundisha kupulizia salfa, wakatoa miche bora, wakulima wakarudi mashambani, na msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000. Ila sehemu kubwa bado inapakiwa melini ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, kama ilivyokuwa wakati wa ukoloni. Mti umesimama tena, kiwanda bado kimelala.

"Mashine zilikwenda wapi?" nilimuuliza mlinzi.

"Chuma chakavu," alijibu. "Kwa kilo."

Ndiye aliyenipeleka jioni ile kwa bibi mmoja, jirani yake, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho. Nilimkuta uani ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anabangua. Nilimwamkia, nikamtaja shangazi kwa jina lake na ukoo wake na mwaka aliokuja. Alifikiri kwa muda mrefu. Natamani ningeandika kwamba alimkumbuka.

"Tulikuwa wengi sana, mjukuu wangu," alisema. "Wa Masasi walikuwa na benchi lao. Walikuwa wanaimba. Majina yamenitoka, nyimbo ninazo."

Kisha akanionyesha kazi. Korosho zilikuwa zimeshachemshwa kwa mvuke na kuanikwa. Kando yake palikuwa na kibao chenye visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho, kimoja kinakaa, kingine kinashushwa kwa mpini. Alipaka mikono jivu la kuni. Akaweka korosho kati ya visu, akabonyeza, akasokota kidogo, tak, ganda likafunguka nusu mbili. Kwa ncha ya kijisu akaichokoa kokwa ikatoka nzima, ikiwa imevaa ngozi yake ya kahawia. Akarudia, akarudia tena, akiwa ananitazama mimi na si mikono yake.

"Mashine ya kiwandani ilikuwa na nguvu kuliko sisi," alisema, "lakini haikuwa na huruma. Ilivunja. Ikishavunja, sisi ndio tunaochokoa vipande kwenye maganda, na mafuta yanakula vidole. Tuliweka jivu, tukaweka mafuta ya nyonyo. Kokwa nzima ina bei, kipande hakina. Mashine hailijui hilo. Mkono unalijua."

Nikaomba nijaribu. Alinipaka jivu mwenyewe, akinishika mikono kama ya mtoto. Korosho ya kwanza niliikata katikati, pamoja na kokwa. Ya pili pia. Ya tano ilitoka nzima, na bibi akapiga kofi moja la furaha. Nilipomaliza bakuli dogo, giza lilikuwa limeingia, na kokwa zangu nzima zilikuwa 11. Inahitajika kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi kupata kilo moja ya kokwa. Nilielewa kwa mwili kitu ambacho takwimu hazikuwahi kunielewesha.

Nilimwuliza kama angependa kiwanda kile kihifadhiwe, watoto wa shule waletwe, waonyeshwe. Swali lilimshangaza. "Wahifadhi ukuta?" Kisha akafikiri. "Wangeweka mashine moja. Na benchi moja. Na mtu wa kuwaambia tulikuwa tunafanya nini. Wasije wakadhani palikuwa ghala siku zote."

Hilo ndilo ninaloliandikia makala haya. Tunatunza magofu ya Kilwa, na tunafanya vyema. Tunawapeleka wageni kwenye boma lililojengwa na waliotutawala. Lakini kiwanda, mahali ambapo maelfu ya dada na mama zetu walitia saini ya mshahara kwa mara ya kwanza, mahali ambapo taifa jipya lilijaribu kuacha kuuza jasho lake likiwa ghafi, tunakiacha kikatwe vipande na kupimwa kwenye mizani. Hakikufaulu, ni kweli. Reli ya karanga nayo haikufaulu. Ndiyo maana tunahitaji vionekane. Halmashauri za Masasi na Newala, vyama vikuu vya ushirika, shule na wenye maghala wanaweza kukaa kitako na kuchagua jengo moja tu katika viwanda vyote 12, likawekwa mashine moja iliyosalia, benchi moja, na sauti za kina bibi hawa zilizorekodiwa wangali hai. Weule alikuja na santuri yake mwaka 1906. Sisi kila mmoja ana simu mfukoni.

Kabla sijaaga, bibi aliimba. Hakuniambia maana ya maneno yote, mengine yalikuwa ya Kimakonde na sauti yake ilikuwa chini, karibu ya kunong'ona, lakini mikono yake ilirudi kwenye kibao bila kuitwa, na kila mstari ulipoisha ilisikika tak. Wimbo wa kazi ulikuwa umepimwa kwa mkono. Nilirekodi kwa ruhusa yake dakika 4 na sekunde kadhaa.

Asubuhi nilipanda gari la kurudi Masasi. Ncha ya gumba langu la kulia ilikuwa nyeusi na inawasha, kwa sababu jivu halikufika huko. Baada ya siku tatu, nikiwa Dar es Salaam, ngozi ya pale ilianza kubabuka. Niliweka gumba kwenye simu ili nifungue rekodi ya wimbo wa bibi, niwasikilizishe binamu zangu. Simu haikunisoma. Nilijaribu mara mbili, kisha nikaandika namba ya siri, nikaongeza sauti, nikaiweka simu katikati ya meza. Binti mkubwa wa shangazi alisikiliza mistari miwili, akaweka mkono mdomoni, halafu akaanza kuimba. Alikuwa anaujua wote. Mama yake, alisema, alikuwa akiuimba jikoni.